Sinia Lenye Skurubu Nne

Mkuu wa kituo akishaamua jambo huvaa kofia, hata kama yuko ndani na feni haifanyi kazi. Basi asubuhi ile saa tatu Mama Uzi alipofungua mlango wa ofisi na kuona kofia iko kichwani, alijua mambo yameshaharibika kabla hajaambiwa neno.

"Faili la Fundi Saa linakwenda mahakamani saa nane mchana," mkuu alisema. "Shahidi ninaye, maandishi ninayo, mtu mwenyewe ninaye. Umebaki wewe tu na uzi wako."

"Na majeruhi?"

"Bado yuko kitandani. Anapumua, hasemi. Lakini alishasema, Inspekta. Alisema kwa vibao."

"Vibao vya mbao au vya uso?" akauliza Sajini Pumzi, aliyekuwa ameegemea mlango. Hakuna aliyecheka, akajikohoza.

Mama Uzi alichukua faili. Huyu mama alikuwa inspekta wa miaka mingi, pensheni iko mlangoni inabisha hodi, na jina la Uzi alilipata kwa sababu futi ya serikali ilimpotea mwaka wa kwanza kazini, akaona haya kuomba nyingine. Tangu hapo akawa anapima kila kitu kwa uzi mweupe wenye fundo kila shubiri moja. Walimcheka wee, mpaka wakachoka. Vipimo vyake havikuwahi kukataliwa na hakimu.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Juzi saa kumi jioni, mshonaji anayekaa nyumba ya chini alipanda ngazi kumpelekea Mwalimu mstaafu suruali yake iliyopunguzwa. Akamkuta kalala chini kando ya kiti chake, kichwa kimepasuliwa na kona ya sanduku la chuma. Juu ya meza kulikuwa na sinia la mbao, na juu ya sinia vibao vitatu vidogo vyenye picha zilizochongwa: kimoja mkono, kimoja saa, kimoja kofia. Juu ya kile cha saa, shanga nyekundu.

Kituo kizima hakuna aliyejua kusoma kitu kile. Wakamwita Wino, mpiga chapa wa mtaa wa pili, kwa kuwa ndiye anayewachapia wazee wale kitabu cha lugha yao. Wino akatazama picha iliyopigwa na polisi, akasoma kwa pumzi moja: "Fundi Saa amenisukuma." Jioni ile ile wakaenda kumkamata Fundi Saa, bisibisi ikiwa bado mfukoni.

* * *

Mahabusu Fundi Saa alikuwa amekaa kwenye benchi, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri kunyolewa. Kizee chembamba, jicho la kulia lina alama ya mviringo kwa kubana lenzi maisha yake yote.

"Umekula, mzee wangu?"

"Nimepata chai. Mkate ulikwisha kabla haujanifikia. Shemeji yangu vipi?"

"Anapumua."

"Basi vizuri. Anayepumua bado anabisha."

Marehemu mke wa Mwalimu alikuwa dada yake Fundi Saa, ndiyo maana wakaitana shemeji mpaka mtaa mzima ukasahau majina yao. Mama Uzi akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafungua faili.

"Jirani wa chini anasema juzi saa nane mchana ulipiga kelele, 'Leo namsukuma mpaka mwisho kabisa, hata ukatae!' Ulisema?"

"Nilisema."

Sajini Pumzi akatoa kalamu haraka.

"Ulitaka kumsukuma nani?"

"Mtendaji."

"Mtendaji wa wapi?" Sajini aliuliza. "Ana cheo gani?"

"Mtendaji wa sentensi, bwana we! Sina ugomvi na mtu mwenye cheo." Fundi akamgeukia Mama Uzi. "Mama, wewe unaonekana una subira, ngoja nikueleze. Lugha yetu ina vitu vitatu: aliyetenda, tendo, na aliyetendwa. Basi. Mengine ni mapambo. Sasa kazi ni kupanga nani atangulie. Shemeji ni mwalimu, anataka aliyetenda asimame mbele kama kiranja. Mimi nasema tendo ndilo litangulie. Mgonjwa mwenye maumivu hana nafasi ya kujitambulisha. Aanze na 'inachoma'. Nani anachomwa, tutamwona tu."

"Mgonjwa?"

"Kwani hawakukwambia? Hii lugha hatukuitunga kwa mchezo. Dada yangu alipigwa na kiharusi, ulimi ukafa, ukabaki mkono mmoja. Shemeji akawa anakesha kubahatisha: unataka maji? unataka kugeuzwa? Mimi nikachonga vibao. Tukaanza na sita. Siku ya kwanza aliyopanga sentensi, unajua alisema nini? Alisema mume wake anapiga kelele." Fundi akacheka peke yake, halafu akafuta jicho lile lenye alama. "Alipotutoka tukaona tusiache. Sasa vibao ni mia mbili na kumi. Nesi wa wodi ya kiharusi anasubiri kitabu kitoke, wagonjwa wake wapate kusema."

Mama Uzi akaandika, halafu akasimamisha kalamu.

"Huu mpangilio mpya, wa tendo mbele, mmeukubali lini?"

"Siku tisa zilizopita. Nilimshinda. Juzi akataka kuurudisha ule wa zamani, ndiyo nikapayuka kwamba safari hii mtendaji nampeleka mwisho kabisa."

Hapo Mama Uzi aliona upenyo. "Sasa nisikilize vizuri. Mwalimu anapenda mpangilio wa zamani. Kichwa kimepasuka, amechanganyikiwa. Haiwezekani alipanga kwa njia ya zamani, na Wino akasoma kwa njia mpya? Haiwezi kuwa yeye ndiye aliyekusukuma wewe, akateleza?"

Mzee akamtazama kwa huruma, kama vile yeye ndiye polisi na huyu mama ndiye mfungwa.

"Usinitafutie mlango ambao haupo, mama. Shanga nyekundu hukaa juu ya aliyetenda. Hata ukivimwaga vibao kama dengu, shanga itakwambia nani kafanya. Mpangilio kazi yake ni kukuonyesha kipi ukishike kwanza. Niletee chaki."

Mama Uzi hakosi chaki mkobani, ya kuchorea sakafu. Fundi akachuchumaa mbele yake, akachora sakafuni: mkono, saa yenye kitone, kofia. Vidole vilikwenda mbiombio. Picha zikasimama wima mbele ya Mama Uzi, vidole vya mkono juu, kofia imekaa inavyokaa kichwani, na huku mzee mwenyewe yuko upande wa pili anazichora miguu juu. Mama Uzi akawaza tu: ama kweli mikono ya fundi.

"Mkono ni kusukuma, saa ni mimi, kofia ni shemeji. Imeandikwa kwamba mimi nimemsukuma," Fundi alisema. "Na imeandikwa bila kosa, kwa mpangilio mpya. Ila sikumsukuma. Niliondoka saa tisa, nikamwacha anachemsha maji ya chai na kunitukana."

"Nani mwingine anaujua mpangilio mpya?"

"Mimi, shemeji, na Wino niliyempelekea karatasi achape. Hata nesi bado."

"Na bisibisi ya nini mfukoni?"

"Juzi mchana nililikaza sinia mezani. Miaka yote lilikuwa huru, na shemeji tukibishana ana tabia ya kulivuta kwake kama mtoto anayenyimwa sahani. Nikasema leo basi, nikalipiga skurubu. Ndiyo hasira zake zilipoanzia."

* * *

Ngazi za nyumba ile zilikuwa ishirini na mbili. Sajini Pumzi alizihesabu zote kwa sauti, na alipofika ya kumi na tano akaomba iandikwe kwenye faili kwamba polisi waliteseka.

Mshonaji alikuwa anawasubiri juu na ufunguo, pini tatu zimebanwa mdomoni. Mama mnene mwenye sauti ya kujiamini.

"Kwanza mama nikuulize," Mama Uzi alisema. "Fundi Saa alipoondoka ulimwona?"

"Nilimwona saa tisa juu ya alama. Alipita mlangoni kwangu akaniuliza kama nina mafuta ya cherehani ya kumwazima. Nikamwambia wewe mafuta yangu huyarudishi."

"Baada ya hapo ulisikia nini huku juu?"

"Nilisikia miguu."

"Ya Mwalimu?"

"Mwalimu anavaa ndara, mama, anaburuza kama mfagio. Hii ilikuwa miguu ya viatu. Soli ngumu. Ko, ko, ko, ikavuka chumba. Mimi nikawasha cherehani, nina sare za shule arobaini, sikusikia tena."

Sajini akageuka. "Mbona juzi hukutwambia?"

"Mliniuliza kama nilisikia kelele. Miguu ni kelele?"

Mama Uzi akamtazama Sajini, Sajini akatazama ukuta. Wakaingia.

Chumba kilikuwa safi, cha mtu aliyezoea ubao na chaki. Katikati, meza nzito. Upande wa dirishani, kiti cha Mwalimu chenye mto. Upande wa mlangoni, kigoda cha Fundi Saa, na juu ya kigoda sanduku la vibao. Damu iliyokauka ilikuwa kwenye kona ya sanduku la chuma na sakafuni kando ya kiti. Mama Uzi akapiga magoti, akatafuta taratibu upande wa mlangoni, chini ya meza, kwenye kigoda, kwenye mfuniko wa sanduku. Hakuna hata tone.

"Andika, Pumzi. Damu haikuvuka meza."

"Imeandikwa."

Akavuta sinia. Halikusogea. Skurubu nne, moja kila pembe, mpya zinang'aa, na unga wa mbao mbichi ungali umelala kando ya matundu. Polisi wa juzi hawakugusa kitu, hilo angalau walilifanya vizuri. Vibao vitatu vilikuwa palepale vilipokutwa. Akapima kwa uzi: kutoka mgongo wa kiti mpaka vibao, mafundo manne. Mtu aliyekaa pale anavifikia bila shida.

Akakaa kwenye kiti cha Mwalimu. Akatazama sinia. Mkono, vidole juu. Saa, na shanga yake. Kofia, imekaa sawasawa. Anavisoma kama gazeti.

Mshonaji akatoa pini moja mdomoni kwa wasiwasi.

"Pumzi, pita upande wa pili. Unaona nini?"

"Naona vibao, afande."

"Vimekaaje?"

"Miguu juu. Kofia inamwaga maji."

"Na leo asubuhi mzee wa watu alipochora pale sakafuni, nani aliona miguu juu?"

Sajini akafikiri. "Yeye mwenyewe."

Mama Uzi akamgeukia mshonaji. "Mama, uliwahi kuwaona hawa wazee wakipanga vibao?"

"Kila siku! Nilikuwa naleta nguo nawakuta. Kwanza mimi ndiye niliyekuwa namwosha yule marehemu, wakati bado yu hai. Maskini, shingo ilikuwa haigeuki hata kidogo. Amelala anatazama mbele tu. Basi sharti wampangie vibao vimwelekee yeye, asihangaike. Wakazoea hivyo. Yeye naye mkono wake mmoja ule akawa anawapangia vikiwaelekea wao, alikuwa na adabu sana yule mama. Mpaka leo wanafanya hivyo hivyo, mmoja anapanga kinyumenyume ili mwenzake asome wima. Nilimwuliza Mwalimu siku moja, akaniambia, sentensi ni ya yule anayeisoma."

"Hata mara moja hujaona mtu kapanga ikimwelekea mwenyewe?"

"Aa! Labda mgeni."

Mama Uzi akasimama. "Andika, Pumzi. Mwalimu akiwa kwenye kiti hiki, maneno yake yangetazama mlangoni, kwa mtu atakayeingia kumsaidia. Haya yanatazama kiti. Kayapanga mtu aliyesimama hapa hapa, anayeandika kama mimi na wewe tunavyoandika, tukijiangalia wenyewe."

"Au Mwalimu mwenyewe alizunguka akapanga kutoka kule."

"Damu haikuvuka meza, na kigoda kina sanduku."

Sajini akajikuna. "Nikuulize kama hakimu, afande. Kichwa kimepasuka. Mtu wa namna hiyo atakumbuka adabu za vibao?"

Hilo lilikuwa swali zuri. Mama Uzi akaviringisha uzi wake. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro robo. Akavitia vile vibao vitatu na shanga yao sandukuni pamoja na vingine, akalibeba kwapani, akashuka.

* * *

Duka la Wino lilinuka gundi na karatasi mbichi. Mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mchangamfu, mikono myeusi mpaka viwikoni. Alipowaona akavuta viti viwili, akavifuta kwa aproni, vikachafuka zaidi.

"Karibuni wakubwa! Mwalimu anaendeleaje? Silali, nawaambieni."

"Anapumua," Mama Uzi alisema. "Nimekuja unifundishe kidogo. Mahakamani wataniuliza lugha hii, nami sijui kitu."

"Hilo tu?" Wino akafurahi. Akashusha rundo la karatasi zilizochapwa, akaanza kueleza. Na alieleza vizuri, mtu asimnyime haki yake: shanga, aliyetenda, tendo, namna ya kukanusha kwa kulaza kibao kifudifudi, namna ya kuuliza kwa kuacha nafasi tupu. "Na sasa tendo ndilo linatangulia. Ni fikra kubwa sana. Ukiifikiria, lugha nyingine zote zimechelewa."

"Umeishika barabara. Ulikuwa ukikaa nao mezani?"

"Mimi? Sijawahi kupanda ngazi zile hata siku moja. Fundi ananiletea karatasi hapa dukani, nachapa, basi."

Akasogea kuchukua karatasi nyingine. Ko, ko, ko, kwenye saruji. Sajini Pumzi akatazama viatu, halafu akatazama dari kama anayetafuta panya.

"Nipangie sentensi moja nione," Mama Uzi alisema, akafungua sanduku la vibao juu ya kaunta, kati yao. "Sema, sajini anataka chai."

"Sajini anaitaka kweli," Pumzi alisema.

Wino akacheka, akachagua vibao, akavipanga haraka bila kosa, tendo, mtendaji na shanga yake, kikombe. Mama Uzi ikambidi ainamishe shingo mpaka sikio likaribie bega ili akione kikombe ni kikombe. Wino hakugundua kitu. Alikuwa anaisoma kazi yake kwa raha.

"Safi," Mama Uzi alisema, akajinyoosha. "Kuna jambo dogo linanisumbua. Maneno ya Mwalimu tumeyakuta yanatazama kiti chake. Nafikiri aliyapanga vingine, halafu mtu akaligeuza sinia. Hapo ushahidi wote unaharibika, hatujui nani kagusa nini."

"Hapana, hapana," Wino akasema upesi, mkono umeinuka. "Lile haligeuki, lina skurubu nne. Ushahidi wenu uko salama kabisa."

Mashine ya nyuma ilikuwa inazunguka tupu, haina karatasi.

"Nne?" Mama Uzi aliuliza.

"Si... Fundi mwenyewe aliniambia."

"Lini?"

"Zamani. Alipolitengeneza."

"Fundi kalikaza juzi baada ya chakula cha mchana. Saa tisa akaondoka. Jioni akalala kwetu. Na picha tuliyokuonyesha ilikuwa ya vibao tu, ukingo wa sinia haumo." Mama Uzi hakupandisha sauti. "Kakwambia saa ngapi, ndugu yangu?"

Macho ya Wino yakakimbilia kwenye kamba ya kuanikia karatasi, na alipoyarudisha, ya Mama Uzi yalikuwa yameshafika kule. Lilikuwa jalada la kitabu, limening'inizwa likauke. Mkono mkubwa umechorwa, shanga nyekundu, na chini neno "Mtunzi". Baada ya hapo kipande cha karatasi nyeupe kilichogandishwa juu ya jina.

Mama Uzi akanyanyua kipande kile kwa ukucha. Gundi ilikuwa bado laini. Jina lilikuwa moja, na halikuwa la Mwalimu wala la Fundi Saa.

"Wao ni wazee," Wino alisema, sauti imekauka. "Wanabishana tu! Leo mbele, kesho nyuma. Nimechapa kitabu hiki mara tano, mara tano wamekibadilisha! Bila mimi kisingetoka. Mimi ndiye niliyekitia mpangilio."

"Na Mwalimu aliliona jalada hili juzi?"

Wino akakaa kwenye kile kiti kilichochafuka.

"Pumzi," Mama Uzi alisema, "kaa hapa upumzike. Mlangoni."

* * *

Hospitali Mama Uzi alifika saa saba na nusu, sanduku la vibao kwapani. Mkuu wa kituo alikuwa ametangulia, baada ya kupigiwa simu, na kofia ilikuwa kichwani. Pembeni yake alisimama Fundi Saa, pingu mkononi, amebanwa kati ya polisi wawili ambao kila mmoja angeweza kumtia mfukoni.

"Kafumbua macho saa sita," nesi alisema kwa sauti ya chini. "Anaelewa, ila mdomo hautoi neno. Nawapa dakika tano. Mkimchosha nawatoa wote, hata wewe mwenye kofia."

Mwalimu alikuwa ameegemezwa mito miwili, kichwa kimefungwa bandeji, mkono wa kushoto umelala tu kama kitu cha mtu mwingine. Wa kulia ulikuwa unachezacheza juu ya shuka.

"Inspekta," mkuu alisema, "skurubu nimezielewa. Huyo mchapaji atatueleza alikuwa anafanya nini kule juu. Lakini kuwa chumbani si kusukuma mtu. Maneno ya majeruhi bado yanamtaja Fundi. Wewe unaniambia yamepangwa upande mbaya. Mimi nakwambia mtu aliyepasuka kichwa hajui juu wala chini."

"Hata mimi sijui, mkuu. Ndiyo maana nimekuja."

Akachukua sinia la chakula la wodi, akaliweka juu ya mapaja ya mgonjwa. Akamwaga vibao kando, ovyo, vingine kifudifudi, vingine ubavu, asije mtu akasema alimwelekeza. Shanga akaiweka peke yake. Halafu akaenda kusimama miguuni pa kitanda, akamtazama mzee usoni.

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni polisi. Juzi mezani kwako ilikuwaje?"

Mkono ukatulia. Macho ya mzee yakamwangalia Mama Uzi, yakahamia kwa Fundi Saa, yakaziona pingu. Kisha mkono ukaingia kwenye vibao, ukapekua polepole. Kibao cha saa kikatoka, mkuu akavuta pumzi. Mzee akakisukuma kando kabisa, kikaanguka kitandani.

Akatoa mkono. Akauweka katikati ya sinia. Vidole vilikuwa vinamwelekea yeye, kama mkono unaomsukuma mwenyewe kifuani. Na kwa Mama Uzi, pale miguuni pa kitanda, ulisimama wima.

Akatafuta tena. Jasho likamtoka. Nesi akasogea, Mama Uzi akainua kidole kimoja tu: bado. Kikatoka kibao cha tone la wino. Mzee akakiweka, akaona kimeegemea vibaya, akakizungusha kwa kidole gumba mpaka ncha ya tone ikatazama kwake na kitako kikatazama kwa mgeni. Akaweka shanga juu yake. Mwisho akaweka kibao cha kofia, yaani yeye mwenyewe, naye akaiona miguu juu, kwa kuwa haikuwa yake kuisoma.

Mama Uzi hakuinamisha shingo hata kidogo. Alisoma moja kwa moja, kama mtu anayesoma kibao cha duka: kusukuma, Wino, mimi.

Fundi Saa akaelekeza kidole kwenye sinia, machozi yanamtiririka.

"Tendo mbele," alisema. "Mmeona wenyewe, wote ni mashahidi. Kaanza na tendo! Shemeji, umekubali?"

Mkono wa Mwalimu ukapekua tena, ukatoa kibao kimoja, ukakiweka kikimwelekea shemeji yake, kisha ukakilaza kifudifudi.

"Kasema nini?" mkuu aliuliza.

"Kasema hajakubali," Fundi alisema, akacheka mpaka pingu zikalia.

Mkuu wa kituo akatazama lile sinia, akazunguka kitanda mpaka upande wa mgonjwa, akaona vibao miguu juu, akarudi aliposimama Mama Uzi, akaviona wima. Akavua kofia.

"Mfungueni mzee wa watu," alisema.